Kitabu Chembamba cha Nyimbo

King'ora cha mgodi kilipolia saa nane mchana, Ndaya alijua la kufanya. Aliweka ndoo ya maji nyuma ya nyumba, akatundika taulo kwenye msumari, kisha akakaa kizingitini kumngoja baba yake. Wanaume wa zamu ya asubuhi walirudi kambini kwa makundi, vumbi limewajaa hadi kwenye kope. Kabongo alitambulika upesi. Mdomo wake wa juu ulikuwa na kovu, na akicheka kovu lile lilijivuta upande.

Huo ulikuwa mwaka 1956, mjini Kolwezi. Miaka miwili nyuma, jiwe lilikuwa limempasua Kabongo mdomo akiwa kazini. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyepuliza tarumbeta ya pekee ya bendi ya kambi. Siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba madini, watu walipanda treni kutoka Kasaji kuja kumsikiliza. Baada ya ajali tarumbeta ilifungiwa kabatini, na Kabongo akanyamaza. Hata kanisani hakuimba tena.

Mwishoni mwa Oktoba alikuja Badibanga, karani wa ofisi na kiongozi wa bendi.

"Kabongo, munganga anasema mulomo imepona," alisema. "Kamata tarumbeta, jaribu mwezi moja. Kama mulomo inakataa, nitamupa Nkulu, ule kijana wa Tenke. Tuma mutoto kesho akuje kukamata bitabu kwangu."

Usiseme furaha iliyokuwamo nyumbani mle! Mama alikaanga samaki ingawa haikuwa Jumapili.

Kesho yake Ndaya alipewa vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa daftari jembamba la shule. Badibanga alikuwa amenakili nyimbo ndani yake kwa mkono wake, kwa wino wa buluu.

"Tata yako aanze na hii," alisema, akimaanisha baba yake. "Ni nyimbo anapendaka, na sauti yake ni ya chini, haichokeshe mulomo. Mutu mwenye kurudia tarumbeta anaanza na kitu ya kumufurahisha. Ile kubwa asiifungue mpaka nitamuambia."

Hicho kikubwa kilikuwa kinene, na jaladani kiliandikwa kwa herufi za dhahabu: *Études*. Neno hilo Ndaya alilijua vizuri. Kambini lilimaanisha masomo ya juu, na lilitamkwa kwa heshima. Fulani alifanya études, watu walisema, na huyo fulani alikuwa na tai shingoni na nyumba yenye madirisha mawili. Kabongo hakuwa na études. Alisoma madarasa matatu tu ya misheni kule Kasai, na huko ndiko katekista alikomfundisha kusoma noti.

Mlangoni alisimama Bilonda, binti wa Badibanga, aliyesoma darasa moja na Ndaya. Alilifungua daftari akacheka.

"Hii ni ya batoto! Hata mudogo yangu anaimbaka hizi. Tata yako hatajua kupuliza études?"

Maneno yale yalimchoma Ndaya. Njiani alilificha daftari ndani ya blauzi, na nyumbani akalisukuma chini ya godoro. Kitabu kinene akakiweka juu ya meza, mahali ambapo kila mpita njia angekiona.

"Tata Badibanga anasema uanze na hii," alimwambia baba yake.

Kabongo alianza siku hiyohiyo. Kurasa zilijaa noti nyeusi kama siafu, zikipanda juu na kushuka, zikipanda tena, bila wimbo wowote, mazoezi matupu ya tarumbeta. Kila alasiri alipuliza mpaka shati likalowa jasho. Majirani walikitazama kitabu wakatikisa vichwa kwa heshima, na Ndaya akavimba kichwa. Mama peke yake ndiye aliyelalamika.

"Zamani ulikuwa unapuliza, sisi tunacheza. Sasa inalia sawa mbuzi."

"Badibanga anajua kazi yake," Kabongo alijibu. Lakini hakuwa na raha. Alianza kuitazama tarumbeta jinsi alivyoitazama sepetu.

Juma la tatu Ndaya alikuta damu kwenye leso ya baba yake. Kovu lilikuwa linafunguka. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake aliifua leso, akaianika.

Mwezi ulipokwisha Badibanga alikuja. Aliketi, akakunja nne.

"Haya, nipigie ile ya kwanza ya mu daftari."

"Daftari gani?" Kabongo aliuliza. Kisha akamtazama binti yake. Ndaya alikuwa anatazama vidole vya miguu. Kabongo akaelewa. "Aa, daftari," akasema polepole. "Sikuifungua. Nilipenda ile kubwa. Ni kosa yangu."

Akainua tarumbeta kujaribu. Sauti ilitoka mara mbili, ya tatu ikakatika, na damu ikamtiririka hadi kidevuni.

"Nilikuandikia kwa mukono yangu, Kabongo!" Badibanga alisema kwa hasira. "Juma mbili nzima! Kumbe unaniona mi mujinga?"

Kabongo aliifuta tarumbeta vizuri kwa shati lake, akamkabidhi. Badibanga aliondoka nayo bila kuaga.

Ndaya alilia. Alilivuta daftari kutoka chini ya godoro, akalitoa kwa mikono miwili.

"Bilonda alicheka, tata. Alisema ni ya batoto. Sikutaka bakucheke."

Kabongo alifungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa wimbo ambao mama yake mwenyewe aliuimba akitwanga muhogo.

"Ndaya, mi sikukutuma kunionea haya," alisema. "Nilikutuma bitabu."

Siku ya Mtakatifu Barbara bendi ilipita mbele ya nyumba yao. Nkulu alipuliza vizuri, tena vizuri sana. Kabongo alisikiliza akiwa ndani, mlango umefungwa.

Kesho yake Ndaya alikwenda peke yake kwa Badibanga. Alisema yote mbele ya Bilonda, bila kujipunguzia. Badibanga alivua miwani akaipangusa muda mrefu.

"Kumbe nilimutukana mutu bure," alisema.

Baada ya Noeli kovu lilipofunga, Alhamisi moja Badibanga aliileta tarumbeta.

"Nafasi imekwenda, Kabongo. Siwezi kumunyang'anya Nkulu. Lakini Alhamisi bendi iko na repo, inapumuzika, haipulize. Siku hiyo tarumbeta itakuwa yako." Kisha akamgeukia Ndaya. "Na wewe, mutoto, sikia. Mulomo yenye kuumia inaponeshwa na kitu inapenda. Wewe ulimunyima tata yako ile kitu juu ya maandishi ya dhahabu, halafu ukadanganya, ukasema bongo. Usirudilie."

"Sitarudilia, tata."

Kabongo aliketi uani. Ndaya akasimama mbele yake kumshikia daftari. Wimbo ulitoka mwembamba, ukajikwaa, ukasimama, ukaendelea. Watoto walikusanyika kando ya ua, Bilonda akiwa miongoni mwao, na wengine wakaanza kucheka. Mama aliuacha mwiko ndani ya bukari, ugali aliokuwa akiusonga, akatoka kusikiliza.

"Inua kidogo, Ndaya," Kabongo alisema. "Sioni mustari ya chini."

Ndaya aliinua daftari mpaka usawa wa uso wake, jalada likiwaelekea watu waliokuwa wanacheka, wala hakulificha.