Wabeba Vigoda

Mdogo wangu Josephine aliolewa na Kefa, kijana wa kijiji kimoja nyuma ya milima ya Mpwapwa. Watu wa huko tangu zamani huitwa Wabeba Vigoda, kwa sababu hawaendi msibani bila kigoda kwapani. Sisi wa mjini tulisema ni majivuno tu, hawataki kukalia vya watu. Kefa akiulizwa, alicheka na kubadilisha mazungumzo.

Mwaka juzi baba yake Kefa alifariki. Nilikwenda na Josephine na mtoto wao mdogo, Sila. Tukazika, tukapika, tukapakua. Alasiri watu walikuwa wametulia uani, kila mmoja juu ya kigoda alichokuja nacho. Mimi nilikuwa mkekani na watoto. Josephine hakuwa ameketi tangu alfajiri. Akaona kigoda kitupu kando ya ukuta wa nyumba ya tembe, akakikalia.

Maongezi yakakatika.

Shangazi yake Kefa, mama mtu mzima aitwaye Emiliana, alikuja akainama sikioni kwake.

"Mwanangu, hicho amekupa nani?"

"Nimekikuta kitupu, shangazi."

"Hakikuwa kitupu."

Hakumkemea. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba wakati wa njaa kubwa ya mababu, wenye njaa walikuwa wanakwenda kwenye nyumba za msiba, wanaketi nje kusubiri kugawiwa chochote. Siku moja wenye msiba wakafunga mlango, wakala ndani. Walioketi nje wakafa palepale, wameketi. Tangu hapo wafu hao hawakosi msiba wowote pale kijijini. Hukalia kiti chochote kisicho na mtu. Ndiyo maana kila mmoja huja na chake, na akiinuka hukilaza ubavu.

Josephine alijaribu kuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Tulimshika mimi na Kefa, tukamwinua.

Alikuwa mzito. Mzito kama watu wawili.

Tukarudi naye mjini, nyumbani kwao Area D. Hospitali walimpima wasione kitu. Ganzi ikapanda kiunoni. Ikafika kifuani. Hakulia wala hakulalamika. Nikimuuliza anajisikiaje, alijibu, "Sijisikii." Alikuwa anamaliza sahani ya ugali, anaomba nyingine, na bado anakonda. Kutwa alikaa kwenye sofa, mgongo umenyooka, mikono ameiweka mbali na mapaja.

Sila alikuwa mtoto wa kupakatwa. Asubuhi moja alimwendea mama yake mbio, akafika, akasimama. Akatazama juu kidogo ya kichwa cha mama yake.

"Shikamoo," akasema.

Sebuleni tulikuwa watatu tu.

Josephine hakushtuka. "Mwitikie mtoto," alinong'ona. Hakuwa anasema na mimi.

Sila hakuomba kupakatwa tena.

Josephine alifariki kabla ya mvua za kwanza. Nilikuwa nimekaa nje. Wanawake waliokuwa wanamwosha wakaniita ndani. Mmoja alifunua khanga, akanionyesha.

Mapaja yote mawili yalikuwa yamebonyea katikati. Hapakuwa na jeraha. Ngozi ilikuwa imesuguliwa, laini, inang'aa, kama kigoda kilichokaliwa miaka mingi.

Nilichagua gauni refu. Tukamvalisha, tukaenda kuzika.