Pampu Aliizima Mchumba, Kazi Nikapoteza Mimi

Nina umri wa miaka ishirini na sita, digrii ya uhandisi ninayo, na sasa nalala sebuleni kwa dada yangu Nakuru. Wasomaji wenzangu, msinicheke kabla hamjanisikia!

Mimi na mchumba wangu, Kevo, tulimaliza chuo pamoja, tukaajiriwa pamoja na kampuni moja ya Kijapani huko Doha, Qatar. Tulitunza mitambo ya kupoza hewa katika maghorofa ya West Bay. Tulikuwa kwenye majaribio, na anayeshindwa hurudishwa kwao. Harusi yetu ilitegemea kazi hiyo.

Wajapani wale wana desturi yao. Kila asubuhi tulisimama mstari, kila mmoja akaeleza kazi yake, na lililoharibika ndilo lililotangulia. Bosi wetu, Bwana Mori, alituambia mapema kwamba kukosea ni kujifunza, lakini kosa lililofichwa hasamehi. Kevo alicheka njia nzima kurudi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud tulikokaa. Eti nani atajichongea mwenyewe?

Alhamisi moja jioni, wikendi ya kule ya Ijumaa na Jumamosi imeanza, Kevo akanipigia simu. Alikuwa amezima pampu ya akiba ya mtambo wa kupoza hewa wa hoteli fulani ili aisafishe, akasahau kuiwasha. Nikamwambia tumpigie bosi.

"Babe, please, usinichome," akanisihi. "Hiyo pampu hata haitumiki. Jumapili naingia mapema, naiwasha, story imeisha."

Bosi sikumpigia... Mapenzi haya!

Jumamosi mchana pampu kubwa ya hoteli ile ikafa, na ile ya akiba, iliyopaswa kuipokea, haikuwaka. Joto la Doha mnalijua? Wageni walitolewa vyumbani, mzee mmoja akazirai!

Jumapili tukasimama mstari. Kevo akapiga hatua mbele, akainama hadi kiunoni. Kosa la pampu akalikubali. Halafu, bila hata kunitazama, akasema alitaka kuripoti tangu Alhamisi, ila mimi ndiye niliyemzuia...

Mimi?!

Bwana Mori hakufoka. Aliniuliza swali moja tu: nilijua lini?

Nilijua Alhamisi, nikasema Alhamisi. Nikajaribu kueleza nilivyosihiwa, lakini ushahidi sikuwa nao, na machozi yalinitangulia.

Kevo, kwa kuwa alijitaja mwenyewe, alionywa, akabaki. Mimi, niliyehesabiwa kuwa ndiye niliyelificha kosa, nilikatiwa tiketi ya kurudi nyumbani. Nikiwa uwanja wa ndege akanitumia ujumbe: "Kazi ni kazi, babe. Tusichanganye na mapenzi. Harusi bado iko." Hana hata haya! Pete niliitupa kwenye pipa la taka palepale.

Vijana mnaoanza kazi, nawaomba kwa uchungu... Mpende mtu upendavyo, lakini kosa lake la kazini usilibebe tumboni. Akikuomba unyamaze, kaseme siku hiyohiyo! Atanuna? Mwache anune. Mimi niliogopa Kevo asije akaninunia, nikamwacha mzee wa watu azirai kwa joto.