Shahidi Aliyeombewa na Mama Achta

"Tumesikitika, lakini tumekuelewa," sauti ya mwanamke wa mahakama ilisema kwenye simu. "Kama umeamua kutotoa ushahidi, hatuwezi kukulazimisha."

Sidonie alikuwa anageuza maandazi. Akaacha mwiko kwenye karai.

"Nani kaamua?"

"Wewe, dada. Mchumba wako alitupigia jana. Alisema unaogopa, umemtuma atuambie."

Sidonie alikata simu, akauzima moto kwa maji.

"We Sidonie, na uji wangu?" mteja akauliza.

"Leo hamna uji."

Alipanda taksi mpaka Kilomita Tano, mtaa wa Waislamu wa Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Siku hizi taksi zinaingia mpaka sokoni. Wakati wa vita vya Wakristo na Waislamu zilikuwa zinageuzia darajani, na aliyevuka daraja kwa miguu hakuwa na uhakika wa kurudi.

Hissène, mchumba wake, alikuwa kwenye cherehani yake. Mama yake, Mama Achta, alikaa mlangoni akichuja chai. Alimtazama Sidonie kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umekuja kushonewa tena? Binti, una nguo ngapi wewe?"

"Shikamoo, mama. Leo sina nguo." Akamgeukia Hissène. "Umepiga simu mahakamani?"

Cherehani ikanyamaza.

"Sido, tuongee nje."

"Tuongee hapahapa. Umepiga, hujapiga?"

"Nimepiga."

"Kwa jina langu."

"Ungetaka nifanye nini? Gervais yuko gerezani, lakini binamu zake wanaishi nyuma ya nyumba yenu. Ile meseji umeisahau?"

Hakuwa ameisahau. Ilikuwa bado kwenye simu yake: *Maandazi yako matamu dada. Mdomo wako usije ukayaunguza.*

"Nilishazika mdogo wangu," Hissène alisema taratibu. "Sina nguvu ya kukuzika na wewe."

"Kwa hiyo ukaona unizike mdomo nikiwa hai?"

Mama Achta aliweka birika chini.

"Ushahidi wa nini?"

Hissène akajifanya anapanga vitambaa.

"Nimeuliza. Gervais yupi? Yule aliyemuua Younous wangu?"

Sidonie akapiga magoti mbele yake. Hissène alimsihi kwa macho anyamaze. Hakunyamaza.

"Mama, siku ile Younous aliingia uani kwetu. Alikuwa anakimbia. Nikamficha nyuma ya kuni."

"Wewe?"

"Mimi. Vita vilipoisha nilikuja huku kuwatafuta nyinyi ili niwaambie. Nikamkuta Hissène, nikashindwa kusema, nikamwambia anishonee gauni. Nikarudi na la pili. Nilipokuja na la tatu ndipo nikamwambia. Akaniomba nisikwambie. Alisema habari hii itakuua."

Mama Achta akamgeukia mwanawe.

"Wapelelezi walikuja hapa wakaniambia hakuna aliyeona. Miaka yote hii nimemwomba Mungu anipe mtu mmoja. Mmoja tu. Kumbe wewe ulikuwa unamshonea magauni."

Akamgeukia Sidonie tena.

"Alikuwa na kiu?" Mama Achta aliuliza.

"Alikuwa na kiu. Nilimpa maji, akayamaliza."

"Wakamburuta?"

"Hapana, mama. Gervais alisimama getini na panga, akasema nisipomtoa yule Mwislamu anachoma nyumba. Baba alikuwa ndani, anaumwa. Younous akatoka mwenyewe. Akaniambia nisiangalie."

"Ukaangalia?"

"Niliangalia."

Mama Achta alijifunika uso kwa mtandio. Alipoufunua, alimshika Sidonie mkono.

"Mimi nilitaka shahidi. Sasa nimemwona, na mimi naogopa. Ukinyamaza sitakulaumu, binti. Naapa."

"Alitoka ili nyumba yetu isichomwe, mama. Nikinyamaza nitakuwa nimemwacha atoke tena peke yake."

Aliondoka bila kumuaga Hissène. Jioni meseji za Hissène zikaanza.

*Nisamehe.*

*Sido?*

*Niliogopa tu. Nakupenda.*

Akamjibu mara moja: *Anza na mahakama. Waambie ulidanganya.*

Asubuhi akakuta nyingine: *Nimewaambia. Yule mama wa mahakama amenitukana kistaarabu sana, hata sikujua pa kushika.*

Sidonie alitabasamu peke yake, lakini hakumjibu.

Siku ya kesi, gari la mahakama lilimfuata kwa shangazi yake, mtaa mwingine alikojificha. Kwenye geti la mahakama alimkuta Hissène amesimama na mama yake.

"Nimekuja kukaa tu," Hissène alisema. "Hata usiponiongelesha."

"Kaa."

Walimweka nyuma ya pazia ili asionekane. Alieleza yote, kuanzia kuni mpaka panga. Wakili wa Gervais akainuka.

"Shahidi, ni kweli wewe ni mchumba wa kaka wa marehemu? Si yeye aliyekutuma?"

"Yeye hakutaka nije. Na mimi nilimjua marehemu kabla ya kaka yake. Nilimjua kwa muda wa kikombe kimoja cha maji."

Upande wa pili wa pazia, mtu akakohoa.

"Sidonie?" Ilikuwa sauti ya Gervais. Mtu aliyekunywa uji wa kwao tangu utotoni, angeacha vipi kuijua sauti ya Sidonie? "Ni wewe?"

"Mshtakiwa, nyamaza," jaji alisema. "Shahidi, huna haja ya kujibu."

Sidonie alishika ukingo wa kiti. Angeweza kukaa kimya.

"Ni mimi, kaka Gervais. Ungeniuliza siku ile, ningekuambia ni mgeni wangu."

Jaji akaamuru kesi iendelee.

Gervais alihukumiwa kifungo kirefu. Binamu yake aliyetuma ile meseji naye akakamatwa. Lakini pale mtaani wateja waliacha kuja. Wengine walivuka barabara wakimwona. Jirani mmoja alimwambia, bila hasira, "Umetuuza." Sidonie akahamishia karai lake kwa shangazi, akaanza upya na watu asiowajua.

Hissène alikuja kila siku kununua maandazi. Hakuomba msamaha tena. Alikula, akalipa, akamsaidia kubeba benchi.

"Cherehani unamwachia nani?" Sidonie alimuuliza siku moja.

"Wateja wananisubiri. Wanasema fundi wao anaumwa ugonjwa wa maandazi."

Sidonie akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya ile simu.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Achta alifika na vitu vya posa, sukari na mbegu za kola, kwa Baba Mathurin, babake Sidonie. Hakuwa amekanyaga mtaa ule tangu amzike Younous. Pale uani alisimama kidogo, akatazama zilipo kuni, akaomba dua, ndipo akakaa.

"Mama, binti yangu atabadili dini?" Baba Mathurin aliuliza.

"Nimekuja kumwombea mwanangu mke. Dini ya mke ni yake na Mungu wake."

"Na usalama wake huko kwenu?"

"Siwezi kukudanganya, kwetu si peponi. Wapo watakaonuna. Lakini anayetaka kumgusa atapita kwangu kwanza, na mimi sipitiki."

Baba Mathurin alimtazama bintiye.

"Nataka kumuuliza swali," Sidonie alisema. "Hissène, siku nyingine ukiogopa, utafanyaje?"

Hissène alifikiri. Mama yake alimkanyaga mguu ajibu haraka, lakini hakufanya haraka.

"Nitaogopa mbele yako. Nitakwambia wewe, halafu utaamua, na mimi nitakuwa nyuma yako nikitetemeka."

"Pembeni," Sidonie alisema. "Usikae nyuma."

"Pembeni."

Machozi yalikuwa yanamtoka Sidonie na hakuyafuta.

"Baba," alisema, "pokea hiyo sukari."