Vipimo vya Kisasi

Kila siku akitoka shule, Chiriku aliketi kwenye kigoda chake kando ya cherehani ya mama yake. Alivua viatu, akanywa kikombe cha chai ya rangi, kisha akachukua daftari kubwa la vipimo na penseli iliyofungwa kwa uzi. Mama yake alikuwa fundi wa nguo za kike, na chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Mteja alipoingia, mama alimzungushia futi ya kupimia na kutaja namba kwa sauti, pini zikiwa zimebanwa midomoni. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuandika: kifua, kiuno, mabega, mkono, urefu.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake alipokuwa na miaka mitatu, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu aingie darasa la sita, chiriku huyo alianza kunyamaza. Mambo yalikuwa yanamponyoka. Siku moja alitumwa sukari, akafika dukani, akasimama mbele ya muuzaji kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Darasani alisoma ukurasa mzima, na alipofika chini hakujua juu palisemwa nini. Akipanda ngazi, moyo ulimwenda mbio na kichwa kikawa kizito kama amebeba ndoo ya maji.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura ya bibi yake, mzaa mama. Bibi alikaa nao mwaka mzima kabla ya kuhamia kwa mjomba. Alianza kwa kusahau miwani, akaendelea kwa kusahau sufuria jikoni, na mwisho akamtazama mama na kumuuliza kwa upole, "Wewe ni binti wa nani?" Mama alijifungia chumbani siku ile, akalia. Chiriku alijiuliza kila mara: kama bibi alianza akiwa na miaka sabini, mimi niliyeanza na kumi na miwili nitafika wapi?

Basi, siku moja mwalimu wa sayansi akamsimamisha Chiriku ataje sehemu za ua. Alikuwa amezisoma asubuhi ile ile. Alifungua mdomo, akatafuta, hakuona kitu. Darasa likangoja.

"Mwalimu, usijisumbue," sauti ikasema pembeni yake. "Hata ukimimina nini, huyu ni chujio. Vyote vitapita."

Darasa zima lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Aliyesema alikuwa msichana aliyeitwa Redio, kwa sababu alichokisikia mara moja alikirudia chote bila kukosea. Kilichomuuma zaidi Chiriku ni kwamba Redio hakuwa adui. Tangu darasa la kwanza walikuwa chanda na pete. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kuanzia siku ile jina likawa Chujio. Liliandikwa ubaoni, likaimbwa uwanjani, hata watoto wa darasa la pili wakalijua. Redio alisema kuwa ni utani tu. Chiriku alitabasamu kwa meno, lakini moyoni alisema, "Utani huu utaulipia." Alilala na neno hilo na kuamka nalo. Ajabu ni kwamba, wakati mambo mengine yote yalimtoka kichwani, tusi lile halikutoka hata siku moja.

Mwenye kisu kikali hakukosa nyama. Wiki ile ile, Redio aliingia pale kazini na mama yake, karani mmoja mwenye haraka siku zote.

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, binti yangu amechaguliwa kughani shairi Siku ya Wazazi. Nataka gauni linalomkaa vizuri, watu wageuke wamtazame."

"Watageuka," mama akajibu akichukua futi.

Redio alinyoosha mikono kama malkia, akamnong'oneza Chiriku, "Andika haraka, Chujio, kabla hazijavuja."

Mama hakusikia. Alikuwa ameanza kutaja: "Kifua, thelathini na moja. Kiuno, ishirini na sita. Mabega, kumi na tatu. Mkono, saba. Urefu, thelathini na nane."

Penseli ya Chiriku ilisimama hewani. Kisha ikashuka taratibu. Kwenye kifua akaandika ishirini na nane. Kwenye kiuno akaandika ishirini na tatu. Yaliyobaki aliyaandika sawasawa. Kama akiulizwa, atasema amesahau. Si wao wenyewe waliomwita Chujio?

Siku ya kukata kitambaa, mama alitazama daftari na kushangaa. "Kumbe mtoto huyu ni mwembamba hivi? Macho yangu yanazeeka." Lakini alimwamini mwanawe kuliko macho yake, akakata.

Karani alituma mtu kulichukua gauni, bila kumleta binti yake kulijaribu. Siku ya mazoezi ya mwisho ukumbini, Redio alilivaa kwa kubana pumzi, na marafiki wawili wakavuta zipu mpaka ikapanda. Alitembea kama mtu aliyemeza rula. Akapanda jukwaani, akaghani ubeti wa kwanza, na wa pili. Kwenye ubeti wa tatu palikuwa na maneno ya kuinua mikono juu. Akaiinua.

Mshono ulifumuka kutoka kwapani hadi kiunoni, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Redio alijishika ubavuni kwa mikono miwili. Mwalimu akampa ishara aendelee, lakini midomo yake ilifunguka bila neno kutoka. Redio aliyekuwa hakosi, alikuwa amepoteza mawimbi. Alishuka jukwaani akikimbia.

Chiriku, aliyekaa safu ya nyuma, hakucheka kwa sauti. Alisikia utamu ukimshuka taratibu kooni kama asali. "Sasa nani chujio?" alijisemea.

Utamu ule haukufika jioni. Karani aliingia pale kazini mbele ya wateja watatu, akalitupa gauni juu ya cherehani.

"Fundi, umemwaibisha mwanangu! Hii ni kazi ya mtu aliyesomea ushonaji, au ya mtu aliyeokota mkasi njiani?"

Mama alilikunjua gauni, akalipima, akalilinganisha na daftari. Chiriku alimwona akitambua: gauni lililingana na daftari, ila daftari ndilo lililokosea. Na mwandiko wa daftari haukuwa wa mama. Lakini mama alifunga daftari na kusema, "Nisamehe, dada. Kosa ni langu. Nitashona jingine."

Wateja walipoondoka, aligeuka. "Chiriku, namba hizi ulizitoa wapi?"

"Nilisahau, mama."

Alitegemea kugombezwa. Badala yake, mama alikaa chini na uso wake ukabadilika. "Ulisahau," alirudia polepole. "Na sukari. Na begi la shule wiki jana. Nimekuwa nikiona, mwanangu, nikajifanya sioni. Kesho tunakwenda hospitali."

Asubuhi, daktari, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya utulivu, aliwakaribisha. Muuguzi alikuwa tayari amemtoboa Chiriku kidoleni na kupeleka damu maabara. Daktari akauliza tatizo ni nini.

"Anasahau, daktari," mama akasema. "Akitumwa anasahau, akisoma anasahau. Lakini kilichoniogopesha nilikigundua jana. Siku moja nilimtajia namba za mteja, akaandika nyingine kabisa ambazo sikuzitaja. Mama yangu mzazi ana ugonjwa wa kusahau, na hata yeye hakuanza hivyo."

Daktari aliandika, akakunja uso. "Hilo la namba ni zito. Kama anasikia hivi na kuandika vile bila kujua, itabidi aende hospitali kubwa akapigwe picha ya kichwa."

"Atakwenda," mama akasema. "Hata kama ni kuuza cherehani, atakwenda."

Chiriku aliitazama mikono ya mama yake. Ilikuwa inahesabu noti chache za pochi, inakosea, inaanza upya, mikono ile iliyoweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kukosea. Kisasi alichokitengeneza kwa ajili ya Redio kilikuwa kinamla mtu mwingine.

"Sikusahau," alisema.

"Unasemaje?"

"Namba nilizisikia vizuri. Kifua thelathini na moja, kiuno ishirini na sita, mabega kumi na tatu, mkono saba, urefu thelathini na nane. Nilibadilisha mbili makusudi. Alinitukana mbele ya darasa zima, nikataka naye achekwe. Lakini mengine ni kweli nasahau, mama. Nasahau kweli, na naogopa kuwa kama bibi!" Hapo machozi yakamshinda.

Daktari aliweka kalamu mezani. "Namba hizo ulizisikia lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Umezitaja sasa hivi tu, na mimi nimeshapoteza ya mabega," daktari akasema. "Kichwa kilichotunza namba tano kwa wiki tatu hakijaharibika. Ugonjwa wa bibi yako huwapata zaidi wazee, nao si huu. Tuone damu inasema nini."

Karatasi ya maabara ilipoletwa, daktari alimwonyesha mama, kisha akavuta kope ya chini ya jicho la Chiriku. Ndani palikuwa peupe badala ya kuwa pekundu. "Una upungufu wa damu. Damu ndiyo inayopeleka hewa kwenye ubongo. Ikipungua, moyo unakimbia, unachoka upesi, na akili haitulii kwenye jambo moja. Kisichotulia kichwani hakiwezi kukaa. Asubuhi unakula nini?"

"Chai ya rangi."

"Na nini?"

"Na... chai ya rangi."

Daktari alicheka kidogo. Akamwandikia vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, akamwagiza ale asubuhi, asikose maharage, mayai na mboga za majani, na chai asiinywe pamoja na chakula. Kisha akawa na sura ya ukali. "Umenusurika kutibiwa ugonjwa usio wako. Mgonjwa akimdanganya daktari, dawa nayo hudanganyika."

Walipofika karibu na nyumbani, mama alikata kona ya kwa karani, ili Chiriku akaseme mwenyewe.

Chiriku alisema yote mbele ya Redio na mama yake, macho yakiwa sakafuni. Redio alisimama ghafla.

"Kumbe ni wewe! Unajua nilivyojisikia pale juu? Beti zote zilipotea. Nilitafuta hata neno moja, sikuliona!"

"Najua," Chiriku akajibu. "Hivyo ndivyo ninavyojisikia kila mwalimu akinisimamisha."

Karani akamgeukia binti yake. "Na yeye ulimwita nani?"

"Chujio," Redio alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza, "Nisamehe kwa hilo. La gauni bado nina hasira nawe."

"Hata mimi bado nina hasira nawe," Chiriku akasema, na angalau hapo wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Mama alikata gauni jipya. Pindo lote la chini Chiriku alilishona kwa mkono, na kila aliposhona ovyo, mama alilifumua, Chiriku akaanza upya. Siku ya Wazazi, Redio aliinua mikono juu na mshono ukatulia. Alighani beti zote, ukumbi ukapiga makofi, na Chiriku naye akapiga.

Wakirudi nyumbani, Chiriku alisema, "Mama, nisikudanganye. Alipofika ubeti wa tatu, kuna kitu ndani yangu kilitamani akosee tena."

Mama aliangua kicheko, akamshika mkono. "Afadhali umesema. Hasira haiishi kwa siku moja, kama vile damu haiongezeki kwa kidonge kimoja. Lakini ushike maneno yangu, mwanangu. Ukiumwa, sema, maana ungesema mapema ungetibiwa mapema. Na ukitukanwa, sema pia, kwa mwalimu au kwangu. Kisasi ni sindano isiyo na uzi. Inatoboa huku na huku, na ukimaliza, hakuna ulichoshona."