Mlango wa Tatu wa Habu

Kila Jumamosi Dainess alimsaidia mama yake kuanika dagaa, kisha alinawa mikono kwa ndimu na kukimbilia klabu ya kompyuta ya shule yao pale Ujiji.

Jumamosi moja alikuta mtandao umekwama, kompyuta haziwasiliani. Mwalimu Thobias alikuwa amesimama mbele ya Asumani, mvulana ambaye wazazi wake walitokea ng'ambo ya ziwa.

"Jana ulionekana chini ya meza ukishika nyaya. Klabu basi! Jumatatu uje na mzazi."

"Niliokota kalamu tu, Mwalimu," alisema Asumani, machozi yakimlengalenga.

Dainess alishindwa kuvumilia. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba tuiulize habu kwanza."

Habu ni kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, kila moja kwa mlango wake. Kilikuwa kabatini, na mtunza stoo alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda msibani Kalinzi. Lakini Mwalimu mwenyewe aliwafundisha kwamba habu ile inaelewa SNMP, lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao, na kwamba maswali yake huandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa msaada wa maktaba ya programu zilizokwisha kutengenezwa.

"Haya, jaribu," Mwalimu alikubali shingo upande.

Dainess aliandika programu yake, akaituma. Kimya. Akatuma tena. Kimya. Wenzake wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda uwanjani.

"Achana nayo, Dainess," Asumani alinong'ona. "Nitaondoka tu."

"Huondoki."

Aliwaza. Kama mtandao umesongamana, huenda maswali mengi kwa mpigo yanapotelea njiani. Akabadilisha programu iulize mlango mmoja mmoja, isubiri zaidi, na isipojibiwa irudie. Pole pole majibu yakaanza kuingia. Mlango wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu ulikuwa na makosa chungu nzima, nayo yalizidi kila alipouliza.

"Mwalimu, huu ndio unaowapigia wenzake kelele. Naomba ruhusa niufunge."

Mwalimu akaingiza nywila ya msimamizi, Dainess akatuma amri. Papo hapo kompyuta zikaanza kuwasiliana tena, zote isipokuwa ya Mwalimu.

Mwalimu Thobias akainama. Jana jioni alikuwa ameisogeza meza yake dirishani apate upepo, na mguu wa meza ulikuwa umeikandamiza kebo ya kompyuta yake mpaka nyuzi zikatokeza. Kisha akasimama, akawaita wanafunzi wote ndani.

"Asumani, nimekuonea mbele ya wenzako, na mbele yao nakuomba radhi. Rudi kwenye kiti chako, mwanangu."

Asumani akaketi, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kumshuku mtu ni kazi nyepesi," Mwalimu aliendelea. "Mimi niliifanya kwa dakika moja. Kuutafuta ukweli ndiko kunakodai jasho. Dainess alinyimwa jibu, akauliza tena kwa njia nyingine. Nanyi fanyeni hivyo kabla ya kumnyooshea mwenzenu kidole. Na ikibainika kuwa kosa ni lenu, semeni kwa sauti ile ile mliyolaumia."