Namba Iliyobaki Kichwani

"Kaka, shusha hilo gunia! Simu yangu imo humo!"

Mpagazi akashusha. Verediana akalifungua haraka, mkono ukazama kwenye dagaa mpaka kiwiko. Akapekua, akapekua tena. Dagaa watupu. Kuangalia mdomo wa gunia, limeshonwa kwa uzi wa bluu. Lake lilikuwa na uzi mwekundu.

"Hili si lako, mama," mpagazi akasema. "Yako matano yalikwenda na gari asubuhi. Si ulisema nitoe yote?"

Ni kweli, alisema. Kwa kinywa chake mwenyewe.

Anayevuka Ziwa Tanganyika na boti la mizigo kutoka Kibirizi, Kigoma, anajua maji yanavyorukia ndani. Ndiyo maana akina mama wauza dagaa wana ujanja wao: simu unaifunga kwenye nailoni, unaizika kwenye dagaa wakavu, gunia unalitia alama, na gunia hilo haliuzwi mpaka simu itoke. Alama ya Verediana ilikuwa uzi mwekundu. Lakini alfajiri ile mawimbi yalimtapisha mpaka nyongo, na boti lilipofika Rumonge, upande wa Burundi, mpagazi alimuuliza atoe magunia yapi. Verediana akamjibu huku ameinamia maji: "Toa yote, bwana, toa!" Simu ikauzwa pamoja na dagaa, tena kwa bei ya dagaa.

"Basi usilie," Mama Spesiosa akamwambia Verediana. Ndiye mwenyeji wake, mfanyabiashara wa pale mwaloni, boti zinapotia nanga, na ndiye aliyemtafutia wateja. "Simu ni kitu tu, mwanangu."

"Sililii simu, mama. Nalilia Jumamosi."

Jumamosi wazee wa upande wa Wilfred, mchumba wake, walikuwa watoke Kasulu waje Kidahwe kwa wazazi wa Verediana kutoa mahari. Mwezi uliopita walikuja, binti hayupo, upepo umemkwamisha njiani, Kagunga mpakani. Wazee wakala wali wa watu, wakaondoka wamenuna. Safari hii wakaweka sharti: Alhamisi jua halijazama, wasikie kwa sauti ya binti mwenyewe kwamba anarudi na anawangoja. Wasiposikia, watahesabu wamekataliwa, na hawatarudi tena.

Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana.

"Mpigie mchumba wako kwa simu yangu." Mama Spesiosa akampa kitochi chake. "Haya, namba?"

Verediana akakipokea. Akaweka kidole kwenye sifuri. Kidole kikabaki pale pale.

"Siijui."

"Huijui? Unaolewa naye!"

"Imo kwenye simu, mama! Nabonyeza jina tu!"

"Ya mama yako?"

"Naye nabonyeza jina."

Siku hizi tunapenda kwa moyo, lakini kukumbuka tumeiachia simu. Mama Spesiosa akajaribu kupiga ile laini ya Burundi ambayo Verediana huitumia akivuka. Ikaita mpaka ikachoka. Verediana akafumba macho, akaitafuta namba ya Wilfred gizani, hata tarakimu tatu tu. Badala yake ikaja namba nyingine, kamili, imenyooka, bila kuitwa.

Akafumbua macho kwa hofu.

"Iko moja naijua."

"Ya nani?"

"Ya Pastory."

"Pastory ni nani?"

"Ni... wa zamani."

Miaka mitano iliyopita Verediana hakuwa na simu. Alikuwa anaazima ya mama yake, anampigia Pastory, kisha anaifuta namba ili mama asiione. Kwa hiyo namba aliihifadhi mahali pekee ambapo mama hawezi kupekua. Mapenzi yalishakufa, Pastory ana mke na watoto wawili na kibanda cha kutengeneza simu Mwanga, mjini Kigoma. Namba haikufa.

"Lakini kwa nini ya huyu naikumbuka?" akauliza. "Ina maana moyo wangu bado uko kwake?"

Mama Spesiosa hakucheka.

"Mimi nilikaa ukimbizini, kambi ya Nyarugusu, miaka tisa," akasema. "Namba ya kadi yangu ya mgawo naijua mpaka leo, hata uniamshe usingizini. Sasa niambie, naipenda kambi?"

Akamrudishia Verediana kitochi.

"Mtu anashika kile alichokuwa anaogopa kukipoteza. Piga."

Akapiga.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Pastory, ni Vere. Usikate. Niko Rumonge, simu imepotea. Nakuomba nenda Kibirizi, pale kwa mafundi wa injini za boti, muulize Wilfred. Mwambie anipigie kwa namba hii. Sasa hivi."

"Vere, namba yangu umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Mh! Na Wilfred nimwambie hivyo?"

"Mwambie simu imepotea tu!"

"Sawa. Nafunga kibanda naenda."

Haikupita saa moja, kitochi kikaita. Verediana akakinyakua.

"Wilfred! Mungu wangu, afadhali. Mume wangu, sikiliza..."

"Sikiliza wewe kwanza." Sauti ilikuwa ya baridi, si ya Wilfred anayemjua. "Asubuhi nimekupigia WhatsApp. Amepokea mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Nakuuliza wewe! Namuuliza Verediana yuko wapi, ananiambia: 'Mwenye simu hayupo, simu iko huku nyumbani kwangu.' Kisha simu ikakatika. Nyumbani kwake, Vere! Nimekaa nashangaa, mara anakuja Pastory. Pastory! Eti wewe ndiye umemtuma."

"Simu ilikuwa kwenye dagaa, imeuzwa na gunia, huyo atakuwa mteja..."

"Simu imeuzwa na dagaa?"

"Ndiyo!"

"Haya. Tuseme nimekubali. Kwa nini hukunipigia mimi?"

Uongo ulikuwa karibu, lakini hakuushika.

"Namba yako sikuikumbuka."

"Na ya Pastory?"

"Ya Pastory niliikumbuka."

"Asante kwa ukweli," Wilfred akasema, akakata.

Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe: "Sijui nimemchumbia nani, wewe au kivuli chako. Wazee nitawaambia wasihangaike."

Verediana akausoma mara tatu. Hakujua aanze kujitetea kwa lipi, la mwanaume asiyemjua au la mwanaume anayemjua. Akapiga, haipokelewi. Akapiga tena, haipokelewi.

"Boti la kurudi linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa. Lakini bado hujapumzika, na ziwa halijatulia!"

"Nipe kalamu, mama."

Akainakili namba ya Wilfred kutoka kwenye kitochi, akaiandika kiganjani. Mama Spesiosa akamsindikiza mpaka kwenye boti.

"Ugende amahoro, mwanangu, uende kwa amani. Mimi nitamtafuta huyo mteja."

Kabla hawajaifikia Kagunga, maji yalikuwa yamekwisha kuifuta namba yote kiganjani. Haikumsumbua. Alikuwa ameshaanza kuisema tangu Rumonge, chinichini, kama anayehesabu rozari. Wimbi likipiga anaikosea, anaanza upya. Abiria mwenzake akadhani mama wa watu anasali, akaitikia "Amina."

Ijumaa asubuhi boti likagusa Kibirizi. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vimeshajaa, wapagazi wakaingia majini kuwapokea watu. Na pale ukingoni, mikono ikiwa na grisi, alisimama Wilfred.

Verediana akashuka mwenyewe, maji yakamfika magotini.

"Umekuja kunipokea au kunifukuza?"

"Sijui," Wilfred akasema. Alionekana hajalala. "Mama Spesiosa alinipigia jana jioni. Akampa simu mtu anaitwa Minani. Amenieleza kwamba alisikia dagaa wanaita stoo kwake, mke wake akakimbilia nje akidhani ni mapepo."

Verediana alitaka kucheka, akajizuia.

"Kwa hiyo la Minani umelielewa."

"La Minani nimelielewa. La namba ndilo silielewi. Nimeligeuza kila upande, Vere. Mtu unaingia majini, unapata shida, kichwa kinamtafuta nani? Kinamtafuta yule aliyemo. Ulimkuta Pastory. Mimi sikuwemo."

Hapo ndipo palipouma, na Verediana alipaona.

"Ya Pastory niliikariri kwa sababu nilikuwa naificha," akasema. "Penzi lile lilikuwa la woga, kila siku nafuta. Wewe sikuwahi kukuficha. Nilikuandika kwa jina lako, mama akiona, baba akiona, dunia ikiona. Mtu usiyemficha humkariri. Lakini ni kosa langu, nimelijua. Sasa sikiliza."

Akasimama wima katika maji yale, akaitaja namba ya Wilfred, tarakimu zote kumi, polepole, bila kukwama. Wapagazi wawili wakasimama na mizigo vichwani kusikiliza.

Macho ya Wilfred yakalegea.

"Umeijulia wapi?"

"Kutoka Rumonge mpaka hapa. Nimetapika mara nne, sikuiacha. Haya, na wewe. Itaje yangu."

"Yako?"

"Yangu. Miaka miwili unanipigia kila asubuhi. Itaje."

Wilfred akafungua kinywa. "Sifuri sita... sifuri sita nane..." Mkono ukaanza kwenda mfukoni.

"Acha simu!"

Mkono ukarudi. Akaangalia juu, akaangalia mchangani. Mpagazi mmoja akaangua kicheko.

"Fundi, umekamatwa!"

"Mimi nabonyeza jina tu," Wilfred akasema kwa sauti ndogo, kisha uso ukamshuka kwa aibu. "Mana yanje, Mungu wangu, Vere. Nilitaka kuvunja uchumba."

"Ulitaka? Si umeshawaambia wazee wasije?"

Wilfred akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi.

"Jana walinipigia kuuliza mbona binti kimya. Nikawaambia mtandao wa Burundi mbovu, wangoje mpaka leo asubuhi. Nilikuwa na hasira, lakini mdomo ulikataa kusema umenikataa."

Sasa Verediana akalia, kilio alichokibana tangu ule ujumbe wa Rumonge. Wilfred akaingia majini na viatu vyake, akampa simu.

"Waambie mwenyewe. Wanangoja sauti yako."

Wilfred ndiye aliyembonyezea jina, maana hata namba ya baba yake mzazi hakuijua kichwani.

"Shikamoo baba. Ni Verediana. Nimeshafika. Kesho nawangojea."

Upande wa pili mzee akakohoa kwa raha. "Marahaba, mwanangu. Basi kesho utatuona."

Njia nzima ya kwenda Kidahwe, Wilfred alikuwa akinung'unika peke yake. Sifuri sita nane, kisha tatu, kisha...

"Siyo tatu," Verediana akamwambia, kichwa amekiegemeza begani kwake. "Ni saba. Anza upya."

Akaanza upya.