Mstari wa Rangi ya Kucha

JUMATANO, ASUBUHI

Chumba cha nyuma ya gereji kilikuwa na meza moja, viti viwili na harufu ya oili chafu. Mjomba alikaa. Bubu alikaa, bastola mapajani. Dereva alijibanza juu ya tairi. Fundi alibaki amesimama, ingawa gereji ilikuwa yake.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alijiita hivyo mwenyewe, na hakuna aliyemkatalia. Alichora mezani kwa chaki.

"Ofisi ya mnunuzi wa dhahabu hii hapa. Mzigo unaingia Ijumaa. Mimi na Bubu tunaingia, tunatoka na sanduku. Kichochoro hiki gari kubwa halipiti, kale kadogo kanapita. Halafu kilima, halafu daraja. Tukivuka kabla polisi hawajalifunga, tumemaliza."

"Na polisi wakituwahi?" Dereva aliuliza.

"Ndiyo maana tuna kaka yako."

Kigari kilikuwa nje ya mlango, cha milango miwili, rangi ya maziwa. Fundi alikinunua kwa nesi mstaafu aliyekitumia kwendea sokoni. Aliing'oa injini yake, ambayo ingefaa zaidi kwenye cherehani, akaweka ya gari kubwa lililopinduka. Alikata bodi kwa mbele, akachomelea vishikizo vipya, akasogeza rejeta. Kisha akafunga supachaja, pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini, ikizungushwa na mkanda mmoja.

"Mkanda ukichomoka?" Mjomba aliuliza.

"Hewa inakatika. Injini inakohoa, inazimika."

"Basi usichomoke."

"Hautachomoka."

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi hakuitaka dhahabu. Mdogo wake alijiingiza kwa Mjomba kwa miguu yake, na hakuna maneno yaliyomtoa. Fundi alibembeleza, akagomba, akachoka. Mwisho akaamua kwamba kama lazima mtoto wa mama yake aendeshe, basi aendeshe gari lililofungwa na kaka yake. Arudi mzima. Mengine yote yalikuwa ya Mjomba.

ALHAMISI, MCHANA

Kila boliti aliyomaliza kuikaza, Fundi aliipiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kuanzia kichwani mwa boliti hadi kwenye chuma cha pembeni. Boliti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, unaonekana. Kichupa kilikuwa cha marehemu mkewe. Tangu amzike, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, ila mikono iliendelea na kazi.

Dereva alizoea kumtania. "Kaka, injini inakwenda kuolewa?" Siku hiyo hakutania. Alisimama ameshika boneti, akimtazama.

"Kaka."

"Nini?"

Dereva alifungua mdomo. Mjomba akaingia na sigara yake, akaegemea ukuta, akakaa pale pale hadi jioni. Usiku alilala gerejini. Alisema hataki mtu alisogelee gari lake.

IJUMAA, SAA MOJA ASUBUHI

Fundi alifungua boneti kukagua kwa mara ya mwisho. Mstari kwenye boliti ya kikaza mkanda ulikuwa umekatika. Nusu huku, nusu kule.

Gari halikuwa limetoka. Boliti haijifungui yenyewe. Mtu alitia spana.

Alitazama kupitia kioo cha mlango. Mjomba anakunywa chai. Bubu anajaza risasi. Dereva anafunga kamba za viatu. Fundi alipiga hesabu yake haraka, na jibu lilikuwa Mjomba. Atashuka na sanduku mahali fulani chini ya kilima, kigari kitazimika mlimani, polisi watamkuta mdogo wake peke yake. Akisema sasa hivi, bastola itajibu, na Dereva yuko karibu nayo kuliko yeye.

Alichukua spana, akaikaza boliti hadi ikagoma. Alifuta mstari wa zamani, akachora mpya. Kichupa kikaisha.

"Vipi?" Dereva alikuwa nyuma yake.

"Kila kitu sawa. Kilimani kanyaga mpaka mwisho. Litakubeba."

Dereva alimtazama, akatazama mlango aliposimama Mjomba. Akaushika mkono wa kaka yake, akachelewa kuuachia.

"Sawa, kaka."

SAA NNE

Fundi alisubiri ng'ambo ya daraja na pikapu ya kubadilishia. Karibu yake lori la kokoto lilikuwa limeharibika, boneti juu, mtu ameinamia injini. Fundi alimtazama bila kumfikiria. Kisha akaona mikono yake. Ilikuwa safi.

Hapo hapo akausikia mluzi mwembamba wa supachaja ukipanda kilima. Haukuyumba. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Redio ya mtu wa lori ikalia: "Halijazimika kilimani! Narudia, halijazimika! Linakuja kwenu!"

Turubai la lori likafunuka. Polisi wakaruka na bunduki.

Kigari kilitokea juu ya daraja, kidogo na cheupe, kikienda kama kimetupwa. Wakapiga. Kioo kikamwagika. Kigari kikakwaruza kingo, kikagonga nguzo, kikasimama hatua chache mbele ya pikapu.

Mjomba alikuwa amelalia dashibodi, sanduku mapajani, na hakuinuka tena. Bubu alijitupa nje mikono juu. "Msipige!" alilia. Siku hiyo alikuwa hajasema neno.

Fundi alikimbia hadi kwenye dirisha la Dereva. Shati lilikuwa limelowa.

"Kaka. Uliikaza?"

"Niliikaza."

"Niliilegeza mimi, usiku, Mjomba alipopitiwa na usingizi." Alivuta pumzi kwa shida. "Lilikuwa lizimike kilimani. Tulishaelewana na polisi. Wangenichukua mzima. Na wewe wangekuacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Amelala gerejini yule." Akafumba macho. "Na wewe mbona hukuuliza?"

Fundi alidhani angelia. Hakuna kilichokuja. Boneti ilikuwa imefyatuka, na pale ndani mstari mwekundu ulikuwa umenyooka. Mkanda ulikuwa unazunguka. Injini ilinguruma vizuri tu.

"Mikono juu!" polisi alipiga kelele nyuma yake.

"Linapiga kelele," Dereva alisema. "Lizime."

Fundi alipitisha mkono juu ya kifua cha mdogo wake, akazungusha ufunguo. Injini ilizimika mara moja, bila kukohoa. Alisubiri asikie pumzi. Alisubiri tena. Kisha akainua mikono, kama alivyoambiwa.